Wiki moja: testi mbili, prezentesheni, asaimenti na sendofu ya binamu. Nipunguze nini?

Msomi_wa_Kimbweta:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri na msinicheke sana. Nipo mwaka wa pili, BA ya Kiswahili na Historia, chuo hapa hapa Dar. Leo Jumamosi nimekaa kitandani tangu mchana naangalia ratiba kama mtu anayeangalia deni.

Iko hivi. Jumatatu saa mbili asubuhi testi ya Historia, vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, insha. Jumatano prezentesheni ya ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 70, Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi huku wanasema shairi sio lazima liwe na vina na mizani, kina Kandoro na Mayoka kule wanasema basi hilo sio shairi. Mada naipenda kweli, shida ni grupu. Tuko nane, tuliofanya kitu ni wawili, mimi na kaka mmoja mtu mzima katokea kazini kuja kusoma, hao sita wengine kazi yao ni kuandika "tuko pamoja" WhatsApp. Alhamisi testi ya Fonolojia, ile ya sauti za lugha, hapo sina hata cha kusema, kanuni zote naziona sawa. Ijumaa asaimenti ya maneno 2,500 kuhusu ushairi na siasa baada ya Azimio la Arusha, nina utangulizi tu na hata huo siupendi.

Na jioni sipo. Saa kumi na moja mpaka saa tatu nakaa banda la miamala la mjomba Sinza, ananipa elfu tano kwa siku, ndio nauli na ndio msosi maana bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, liliisha kitambo. Halafu Jumamosi sendofu ya binamu Kibaha, sare nimeshalipia, shangazi anataka niwe kule Ijumaa usiku kukata vitunguu.

Kosiweki ni 40, UE yaani mtihani wa mwisho 60, nina GPA ya 3.4, kidogo tu niguse 3.5 niingie apa sekondi, daraja la pili la juu. Nipunguze nini? Na majina ya wale sita niyaweke au nifute? Nawasilisha.

Kobe_wa_Warsha:
BA nayo ina wiki ngumu? Sisi injinia tulikuwa tunalala maabara.

Chaurembo77:
Na bado Jumamosi usiku upo humu unabishana na mtoto wa watu. Mwacheni apate ushauri.

Nondo_za_Zamani:
Binti, nimefundisha Historia miaka mingi nikuambie kitu kimoja tu. Wengi wanafeli Maji Maji kwa sababu wanaijua. Anaanza na Kinjikitile yule mganga wa Ngarambe, dawa ya maji ya kuzuia risasi, mashamba kuchomwa, mwisho. Hiyo hadithi hata bibi yako anaisimulia vizuri kuliko wewe, swali limesema jadili. Anza na pamba ya kulazimishwa, kodi, maakida waliowatawala watu kwa niaba ya Wajerumani, halafu jiulize watu wa Umatumbi mpaka Ungoni ambao hawakuwa na mtawala mmoja waliungana vipi, hapo sasa ndio maji yanaingia, kama kitu kilichowafunga pamoja, sio kama kituko. Na kumbuka Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita ndio kwanza imeanza, ikaenda mpaka 1907. Kama ni mtu mmoja aliwadanganya mbona aliponyongwa haikuisha? Ukiijenga hoja hiyo vizuri umeshajitofautisha na nusu ya darasa. Usisahau njaa, iliua watu wengi kuliko bunduki. Kesho kaa nayo hiyo tu, vingine funga.

Mama_Wawili_Sinza:
Mwanangu mjomba wako ni mtu sio mashine. Mpigie leo, usimtumie meseji, mwambie "mjomba shikamoo, wiki hii nina mitihani, naomba nije siku mbili tu". Akikununia atanuna mpaka Jumanne. Na shangazi USIMWAMBIE huji, hapo umetafuta maneno ya ukoo mzima. Mwambie utafika Jumamosi alfajiri na vyombo vya baada ya shughuli ni vyako. Kila mtu anakimbia vyombo, atakubali haraka.

CR_Mstaafu:
Majina usifute kimya kimya. Leo andika kwenye grupu kila mtu na kipande chake, kidogo tu, mwisho kesho saa nane mchana. Asiyeleta, wewe na huyo kaka mnaenda kwa lekchara Jumatatu KABLA ya prezentesheni, sio baada. Mimi nilifuta jina la mtu 2011, 2016 naenda kuomba kazi namkuta yeye ndio anapokea barua.

Chaurembo77:
😂😂 ukapata?

CR_Mstaafu:
Nilipata, alikuwa hata hanikumbuki. Lakini ile wiki ya kusubiri majibu sikulala.

Irabu_Tano:
Fonolojia acha kukariri majina ya kanuni, chukua maneno ya kwako. Kitabu, lakini chakula, chumba, chombo. Hiyo ch ni ile ile ki, imekutana na irabu. Mu ikikutana na irabu inakuwa mw, mwana, mwalimu. Halafu sema ulimi, ndimi. u imetoka, n imeingia, l imegeuka d. Na r hivyo hivyo, ndio maana tunasema mtu mrefu ila nyumba ndefu. Ubao, mbao, hapo n yenyewe ndio imegeuka m kwa sababu b inatamkwa kwa midomo. Kaa bandani kwa mjomba, kila mteja akitamka neno la hivyo liandike kwenye daftari, Alhamisi utakuja kunishukuru.
Halafu mbona hamjamwambia, asaimenti na prezentesheni yake zinakula sahani moja? Wote hao wa miaka ya 70 waliandika kwenye joto la Azimio. Soma mara moja, andika mara mbili, ila usibandike aya zile zile, lekchara ataziona.

Msomi_wa_Kimbweta:
Asanteni sana, shikamoo Mwalimu Nondo. Mrejesho wa Jumapili jioni. Mjomba kakubali nije Jumanne na Ijumaa tu, hakununa, kaniuliza kwa nini sikusema mapema. Shangazi kacheka, kasema vyombo vya watu mia tatu nijiandae. Wale sita, wawili wameleta kitu cha maana, mmoja kaleta kurasa nne za AI zinasema Kezilahabi alikuwa mtetezi mkubwa wa vina. Watatu kimya, kesho nikitoka kwenye testi tunaenda na kaka kwa lekchara. Irabu_Tano ile ya asaimenti sikuwa nimeiona kabisa, nimeshapata aya tano. Sasa narudi kwa Wamatumbi.

Mama_Wawili_Sinza:
Lala saa tano basi. Na sare ni rangi gani?

Msomi_wa_Kimbweta:
Ya maziwa mama. Na vyombo hivyo vyote 😭