Kuku wa Kichina wa Mzee

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Athumani*

Mwanaidi: Asalaam aleykum wapendwa. Shikamooni wakubwa zangu. Baba leo kagoma. Mchicha hataki, samaki wa kuchemsha hataki. Anataka kuku wa Kichina, yule wa kwenye boksi wa kule mjini. Na kliniki wamesema chumvi ipungue. Nifanyeje jamani?

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Mpe ale. Mtu mzima mzima anapangiwa chakula kama mtoto wa chekechea?

Kassim: Shangazi umeshaanza 😂

Rehema: Shikamoo shangazi. Wiki iliyopita presha ilikuwa 160 kwa 95, na dawa anakunywa. Wa boksi hapana. Ila wifi usimnyime, mpikie hapo hapo nyumbani. Hidaya upo? Wewe ndo mpishi wa hotelini, hii kazi yako.

Hidaya: Nipo, ndo natoka shifti. Shikamoo mama, shikamoo mjomba kama unasoma. Wifi una nini ndani?

Mwanaidi: Kuku wa kisasa mmoja, karoti, hoho ya kijani na nyekundu, chainizi fungu moja, tangawizi, saumu. Machungwa ya Muheza kapu zima. Soya ipo, konflawa ipo.

Hidaya: Mbona una kila kitu. Chukua kidari tu, kama gramu 500, mtakula wanne. Ngozi toa yote, mafuta mengi ya kuku yamekaa hapo. Mapaja weka friza, ya mchuzi wa kesho.

Hidaya: Kidari kiweke friza dakika 20 kikaze kidogo, halafu kata vipande vyembamba KUKATISHA nyuzi za nyama, usifuate zinakoelekea. Ukifuata nyuzi utatafuna kamba.

Mwanaidi: Sawa. Niliona mtu analainisha kwa magadi, kama tunavyofanya maharage. Niweke?

Rehema: Wifi magadi nayo ni sodiamu! Tunaikimbia chumvi mlangoni inaingilia dirishani.

Hidaya: Hahaha kweli. Tia ute wa yai moja, konflawa kijiko kimoja cha chakula, soya kijiko cha chai, changanya kwa mkono mpaka kila kipande kiteleze. Acha robo saa. Hicho ndo kinalainisha.

Kassim: Sasa tofauti na wa boksi iko wapi? Mbona naona vitu vile vile

Hidaya: Tofauti ipo jikoni, binamu. Sisi hotelini nyama inapitishwa kwanza kwenye mafuta mengi ya moto, karai nusu. Halafu ndo inarudi kukaangwa tena na mboga. Na kwenye sosi kuna soya, kuna sosi ya chaza, kuna unga wa supu. Vyote vitatu vina chumvi, halafu mtu mezani anaongeza soya nyingine juu ya wali.

Kassim: Huyo wa mwisho ni baba kabisa

Mzee Athumani: NASOMA

Kassim: Shikamoo baba 🙈

Mzee Athumani: MARAHABA. PILIPILI ISIPUNGUZWE

Rehema: Pilipili ruhusa baba, hata mbili. Pilipili, tangawizi, saumu, limao, hivyo havina ugomvi na presha. Shida ni hiyo chupa nyeusi. Kijiko kimoja cha chakula cha soya ya kawaida kina sodiamu karibu miligramu 900. Ukigeuza iwe chumvi ni gramu mbili na ushee. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko cha chai kimoja, na humo mkate upo, wali upo, mchuzi upo.

Shangazi Tatu: Kijiko cha chai kwa siku nzima? Mimi hicho natia kwenye maharage ya asubuhi.

Rehema: Ndo maana nakupigia kila Ijumaa kuuliza kama umeenda kupima, shangazi.

Shangazi Tatu: Tuendelee na kuku.

Mwanaidi: Soya yangu imeandikwa nyepesi, hii si ndo ya chumvi kidogo?

Hidaya: Hapana wifi, hapo kilicho chepesi ni rangi. Mara nyingi ndo yenye chumvi zaidi kuliko ile nzito nyeusi. Geuza chupa nyuma, soma mstari wa sodiamu. Ya chumvi pungufu wanaandika wazi kwamba sodiamu imepunguzwa, na bado si kidogo hivyo. Tumia hiyo uliyonayo, ila kwa kijiko. Usimimine kwa macho.

Hidaya: Sosi: kwenye bakuli tia soya kijiko kimoja na nusu cha chakula, kwa kuku wote, si kwa sahani. Maji ya machungwa nusu kikombe, siki kijiko kimoja, asali kijiko cha chai, konflawa kijiko cha chai, pilipili ya mjomba. Koroga, weka pembeni. Chungwa ndo linashika nafasi ya chumvi, uchachu wake unaudanganya ulimi. Na la Muheza lina utamu wake, hata asali unaweza kuacha.

Rehema: Kwa hiyo wifi kila mtu anapata kama miligramu 350 hivi kutoka kwenye soya, na ile ya kulainishia inaongeza kidogo. Hapo hata kliniki watanyamaza.

Shangazi Tatu: Tui la nazi kidogo je? Kuku bila nazi Tanga hii?

Kassim: Shangazi, Wachina kuku huyu hawamtii nazi 😂

Shangazi Tatu: Ndo maana wanatia soya.

Rehema: Nazi tuiache leo. Mafuta yake ni yale yanayoganda, yanapandisha lehemu mbaya. Alizeti atumie, kijiko kimoja na nusu kwa karai zima.

Mwanaidi: Kuku nimeshamkata na kumchanganya. Sasa bila yale mafuta mengi atalainika vipi?

Hidaya: Hapa ndo penyewe. Badala ya mafuta, MAJI. Chemsha sufuria ya maji, yakitokota punguza moto yawe yanatikisika tu. Tosa kuku nusu, tenganisha kwa uma visishikane. Vikigeuka vyeupe nje, kama dakika moja, chota, weka kwenye chujio. Halafu nusu ya pili. Ndani havijaiva, usijali, vitamalizia kwenye karai. Ule utando wa yai na konflawa umeshaifunga nyama, haitakauka.

Mwanaidi: *[picha]* Hivi?

Hidaya: Hivyo hivyo! Unaona vinavyong'aa? Acha vichuruzike maji kweli kweli, pigapiga chujio. Maji yakiingia kwenye karai umepika mchuzi.

Kassim: Shem tumia karai lile la maandazi, si kikaango

Hidaya: Binamu leo umesema la maana. Karai la chuma, gesi mpaka mwisho, subiri mpaka linaanza kutoa moshi mwembamba. Ndo utie mafuta. Tangawizi na saumu vipate sekunde chache tu, visiungue, halafu karoti, halafu hoho. Geuza bila kupumzika. Usijaze mboga zote kwa pamoja, karai likipoa mboga zinatoa maji na kulegea. Karoti iwe bado inalia mdomoni.

Mwanaidi: Nimewasha. Simu naiweka pembeni

Shangazi Tatu: Wali umepika?

Rehema: Wali wifi!! Usitie chumvi wala mafuta. Sosi itautia ladha. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, kuku wanampunguzia chumvi halafu wali umekolea.

Shangazi Tatu: Wali usio na chumvi ni wa mgonjwa.

Rehema: Na tunampikia nani, shangazi?

Mzee Athumani: MIMI SI MGONJWA NINA PRESHA

Kassim: 😂😂😂

Kassim: Halafu kuna ile chumvi wanauza dukani wanasema ni ya watu wa presha. Kwa nini asinunuliwe hiyo aache kulalamika?

Rehema: Hiyo kaka usinunue bila kuuliza. Sehemu ya sodiamu wameiondoa wakaweka potasiamu. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, au anayekunywa baadhi ya dawa za presha, potasiamu inaweza kupanda mwilini, na ikipanda inagusa mapigo ya moyo. Baba dawa yake moja ni ya kundi hilo. Mpaka daktari aseme.

Kassim: Nimekuelewa dada

Mwanaidi: Nimerudi. Mboga zimeiva nusu, kuku nimemrudisha, sosi nimeikoroga tena nikamimina. Imeanza kuwa nzito yenyewe

Hidaya: Konflawa hukaa chini ya bakuli, umefanya vizuri kukoroga tena. Dakika moja au mbili. Pasua kipande kinene kuliko vyote, kisiwe na upinki ndani. Chainizi tia mwisho kabisa, moto zima. Joto la karai linatosha kuilegeza.

Mwanaidi: *[picha]*

Kassim: Weee shem

Shangazi Tatu: Rangi nzuri. Mchuzi uko wapi?

Hidaya: Hana mchuzi mama, sosi inatakiwa ivae nyama tu. Ikibaki dimbwi kwenye sahani mjomba atachovya wali na soya yote anaimaliza yeye.

Rehema: Sahani ya baba: nusu iwe mboga, robo kuku, robo wali. Na chupa ya soya isifike mezani. Weka limao lililokatwa.

Mwanaidi: Ameshakaa. Ananiangalia ninavyoandika

*[dakika kumi na tano baadaye]*

Mzee Athumani: SI WA BOKSI

Rehema: Lakini?

Mzee Athumani: NIMEONGEZA KUKU. WALI NIMEMWACHIA MWANAIDI HAUNA CHUMVI

Kassim: Hapo nimeona ushindi na malalamiko kwenye ujumbe mmoja

Mwanaidi: Limao amekamua zima. Chakula amebakiza kidogo, anasema ni cha usiku

Hidaya: Kikipoa tu kiingie friji, kisikae mezani mpaka magharibi. Ukipasha tia kijiko cha maji ya chungwa, sosi itakuwa imekaza. Na pasha mpaka kitoe moshi, si vuguvugu.

Shangazi Tatu: Na wa kienyeji hawezi kupikwa hivi?

Hidaya: Mama yule misuli imekomaa, kwa dakika mbili za karai utavunja meno. Wa kienyeji mchemshe kwa tangawizi, saumu na limao, supu yake tosha. Lakini hii hata dagaa kamba inakubali, hata nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta.

Shangazi Tatu: Basi ukija Idd niletee hiyo soya.

Rehema: Ya chumvi pungufu.

Shangazi Tatu: Nimesema soya.