Lebo ya monita ya mgonjwa: stika, wino au kuchonga kwa leza?

fundi_bodi: Wakuu, tunamalizia monita ndogo ya mgonjwa, na mgongoni imebaki nafasi ya kiganja tu. Nina njia tatu: stika ya poliesta yenye utando juu, wino unaochapwa moja kwa moja kwenye plastiki, au leza. Roho yangu iko kwa leza, maana haibanduki. Nyie mnatumia ipi?

Msuguaji: Anza na jaribio la kusugua la IEC 60601-1, kiwango cha usalama wa vifaa vya umeme vya tiba. Kitambaa chenye maji yaliyokenekwa sekunde 15, ethanoli ya asilimia 96 sekunde 15, alkoholi ya isopropili sekunde 15. Kwa mkono, bila kukandamiza. Wino wetu wa kwanza ulivumilia maji na ethanoli, isopropili ikaondoka nao. Tena kilichotangulia kufutika ni mraba unaomzunguka yule mtu mdogo, alama ya kiwango cha kumkinga mgonjwa na umeme. Mtu ndani ya mraba ni aina ya BF. Bila mraba ni B. Lebo ilibaki inasomeka vizuri tu, ila inasema kifaa kingine kabisa.

fundi_bodi: Duh! Yetu ni CF, kinga kali zaidi, moyo ndani ya mraba, na inahimili defibrileta, ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme.

dada_mkaguzi: Basi kazi unayo. CF inaruhusiwa kuvujisha umeme wa AC kwa mgonjwa mikroampia 10 tu katika hali ya kawaida. B na BF ni 100. Anayeunganisha waya karibu na moyo anaiamini alama hiyo. Na vile vipedeli viwili vya defibrileta (vibao vya kushtulia) vinavyochorwa pembeni mwa alama, ukiipunguza alama ili itoshee, leza inavigeuza vinukta. Isome ukiwa umbali wa mita 1, kwenye mwanga hafifu wa lux 100, siyo chini ya taa ya mezani kwako.

kalamu_nyeusi: Stika nayo isisifiwe bure. Baada ya kusugua, kingo zisijikunje wala gundi isilegee. Pembe kali ndizo huanza, kwa hiyo zizungushe.

Msuguaji: Leza ina tatizo jingine: haina rangi. Alama ya kulazimisha kusoma maelekezo, ISO 7010-M002, ni duara la bluu.

fundi_bodi: Si niweke tu ile alama ya kitabu chenye herufi i? Hakihitaji rangi.

dada_mkaguzi: Hapana, ndugu yangu. Kitabu kinaarifu tu kwamba maelekezo yapo. Kama kutosoma kunaweza kumdhuru mtu, ni M002. Hili nalikuta kwenye kila lebo ya pili ninayokagua, na nimechoka kuliandika.

kalamu_nyeusi: Halafu angalia zile alama mbili za jengo la kiwanda katika ISO 15223-1, kiwango cha alama za lebo za vifaa tiba. Kiwanda kilichojazwa rangi ni mtengenezaji, kilicho wazi ni tarehe ya kutengenezwa. Leza dhaifu ikichora mzingo tu, jina la kampuni linasimama mbele ya alama ya tarehe.

fundi_bodi: Kwa nafasi nilivyobanwa, naweza kuacha maneno nikabakiza alama?

dada_mkaguzi: Marekani wanaruhusu tangu 2016, mradi alama itoke kwenye kiwango kinachotambuliwa na kifaa kiwe na orodha inayoeleza maana zake. Usijitungie yako.

fundi_bodi: Basi nachanganya: volti, fyuzi na namba ya mfululizo kwa leza; moyo, vipedeli na duara la bluu kwenye stika yenye pembe za mviringo. Isopropili nimeshaagiza.

Msuguaji: Sugua stika tano, siyo moja. Ya kwanza huwa inabandikwa kwa upendo.