Kikundi cha ukoo: Chumbageni, Pongwe na Magila, mkoani Tanga

Usiku wa kuamkia Jumatatu

Grace: Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuwasumbua usiku huu. Leo tena sina usingizi. Majibu ya kile kivimbe cha shingoni ni Jumatano, na kila nikifumba macho naiona ile karatasi ya daktari. Naombeni maombi yenu.

Frank: Pole dada. Saa saba hii bado uko macho?

Grace: Saa saba mbona mapema. Jana adhana ya alfajiri imenikuta nahesabu mabati.

Baba mdogo Petro: Marahaba mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo. Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lo lote." Paulo hakuandika "isipokuwa kivimbe". Hofu ni kukosa imani. Ikemee hiyo roho, ulale.

Grace: Milele amina, baba mdogo. Nimekemea. Sasa nina hofu mbili, ya kivimbe na ya kwamba sina imani.

Frank: MATAIRI YA BODABODA BEI YA JUMLA, MZIGO UMESHUKA LEO KANGE. WAHI KABLA HAYAJAISHA

Frank: Samahani jamani, hiyo ilikuwa ya kikundi cha kazini 🙈

Grace: Angalau umenichekesha.

Anna: Dada Grace, niko zamu ya usiku ndiyo nimepata nafasi sasa. Leo umekula nini?

Grace: Chai ya rangi na nusu andazi. Chakula hakipiti.

Anna: Chai saa ngapi?

Grace: Ya mwisho saa nne hii ya usiku. Nilikuwa nasoma mtandaoni dalili za saratani ya koo.

Anna: Chai ya rangi saa nne usiku, tumbo tupu, na simu usoni. Hata mimi nisiye na kivimbe nisingelala. Zima hizo kurasa. Vivimbe vingi vya tezi ya shingo huwa si saratani. Siahidi kitu, majibu ndiyo yatakayosema, ila usijisomee hukumu kabla ya kipimo.

Shangazi Mariamu: Nimeamka kwenda uani nakuta simu inawaka. Petro mdogo wangu, umesoma aya ya sita ukairuka ya tano. Mwisho wa ya tano pameandikwa "Bwana yu karibu." Ndipo ikafuata hiyo ya kutojisumbua. Paulo hapo hagombezi mtu, anamwambia mwenye shida kwamba yupo wa kumwambia, tena si mbali. Na mwenyewe alikuwa kifungoni alipoandika. Barua hiyohiyo, sura ya pili, anaeleza Epafrodito alivyougua akakaribia kufa, na kwamba anamrudisha kwao ili naye apunguziwe huzuni yake. Kwa Wakorintho ndiyo kabisa, anasema nje vita, ndani hofu. Paulo naye tumkemee?

Baba mdogo Petro: Dada, sikusema hivyo.

Shangazi Mariamu: Umesema, imo hapo juu.

Baba mdogo Petro: Lakini Bwana mwenyewe kasema msisumbukie ya kesho.

Shangazi Mariamu: Kasema. Akamalizia kwamba yatosha kwa siku maovu yake, hakusema siku haina maovu. Huyu mtoto anaibeba Jumatano na Jumatatu haijapambazuka. Msaidie kuitua, usimwongezee juu yake.

Grace: Shangazi shikamoo. Tatizo langu ni hili. Nikisali nasema "Bwana nipe amani", halafu natulia kusikilizia kama imefika. Haifiki.

Shangazi Mariamu: Marahaba mama. Usiisikilizie. Imeandikwa "haja zenu na zijulikane na Mungu". Basi itaje haja. Sema Bwana, naogopa kupasuliwa shingo. Naogopa nikiondoka Neema atabaki na nani, na yuko darasa la pili tu. Naogopa wakisema twende Dar nauli itatoka wapi. Moja moja, bila kuipamba. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini utanisahau. Mtunzi hakuanza kwa kumsifu, alianza na linalomuuma, na sifa akazikuta mwishoni. Nasi kanisani tunaisoma vilevile.

Grace: Hilo la Neema sijawahi kulitamka, hata kwa baba yake.

Shangazi Mariamu: Haya, weka simu chini.

(Baada ya nusu saa hivi)

Grace: Nimesema yote. Nimelia mpaka baba Neema kaamka, nikamwambia na yeye. Kumbe wala hakuwa amelala. Kila usiku anageukia ukutani ili nisijue.

Frank: Shemeji huyo! Na mchana anatupigia stori za mpira kama hana habari.

Anna: 😢 Sasa mnaogopa wawili, ni afadhali.

Baba mdogo Petro: Na mimi niongeze moja, dada asinikatize. Nabii Elia chini ya mti wa mretemu aliomba afe. Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala, akaamshwa tena. Ndipo akaambiwa habari ya safari, akala mara ya pili. Kesho mama yako mdogo anatoka huku Pongwe na ugali na mchuzi wa samaki kibua, na utakula mbele yake.

Shangazi Mariamu: Hapo sasa umehubiri, Petro.

Shangazi Mariamu: Grace, na kushukuru usikuache. Aya inasema kuomba "pamoja na kushukuru". Sikwambii umshukuru Mungu kwa kivimbe, hayo mengine husema watu wasio na kivimbe. Shukuru kwa ya leo.

Grace: Ya leo ninayo. Mama Shabani wa mlango wa pili hakuniuliza kitu. Kaleta bakuli la uji wa pilipili manga, kafunika na sahani, kasema ameniombea dua baada ya magharibi. Nilikunywa vijiko vitatu, ila vilishuka.

Anna: Mbona hukuutaja nilipokuuliza umekula nini? Mwambie Mama Shabani asante kutoka Muheza. Na dada, Jumatano ikipita na usingizi bado ukawa shida, mweleze daktari na hilo. Dawa na sala havigombani, Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Baba mdogo Petro: Kweli, Wakolosai 4:14.

Frank: Mjomba wako hashindwi, Anna 😂

Jumatatu asubuhi

Shangazi Mariamu: Mmeamkaje? Grace?

Grace: Salama shangazi. Nililala saa nane na nusu, nimeamshwa na Neema saa kumi na mbili akitafuta soksi. Hofu ipo, sitawadanganya. Ila nimeamka nasikia njaa.

Anna: Mungu ni mwema. Kula kabla njaa haijabadili mawazo.

Baba mdogo Petro: Ugali unakuja mchana. Jumatano nami nitakuwepo.

Shangazi Mariamu: Mimi natoka Magila alfajiri na bodaboda mpaka Muheza, hapo nadandia Koasta. Nikifika stendi ya Kange nitawapigia. Msiingie kwa daktari bila mimi. Na Petro, kwenye foleni tutasali polepole, wagonjwa wengine wanataka kupumzika.

Baba mdogo Petro: Sawa dada.

Frank: Dada, nakuja kukuchukua na bajaji saa moja kamili.

Anna: Kadi ya bima na ile karatasi ya vipimo vya kwanza vitafuteni leo. Jumatano mtaanza kulaumiana mlangoni.

Grace: Kadi iko kwa baba Neema, karatasi nimeiweka ndani ya Biblia. Frank, njoo saa kumi na mbili na nusu. Saa moja yako naijua.