Mjadala: Magofu ya Mji wa Kale wa Mombasa yageuzwe hoteli au yaachwe?

Mvita Asilia: Assalaam alaykum jamaa. Mada hii nimechoka kuisikia kwa minong'ono vibarazani, natuizungumze wazi. Ile nyumba ya ghorofa mbili upande wa Ndia Kuu, iliyoota mtini ukutani mpaka mizizi imepasua mawe na roshani imeinama, yasemwa kuna mwekezaji ataka kuikodi aifanye hoteli ndogo ya kifahari, vyumba vichache na mgahawa juu darini. Miaka yote hapana aliyeishughulikia, watoto wapita chini yake wakienda chuoni kusoma Kurani na mawe yaporomoka. Mimi nauliza, ubaya uko wapi? Hoteli ya Serena ya Unguja pale Shangani lilikuwa jengo la mambo ya simu, likatengenezwa na leo limesimama. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la huko huko Unguja, ilikuwa mikononi mwa serikali, sehemu yake ikaanguka Disemba 2020. Chagueni.

Bint Kibokoni: Ubaya ni kuwa mwaanza na moja. Nendeni Shela kule Lamu muulize nyumba nzuri za pale ni za nani sasa. Wageni walikuja na pesa zao, wenyeji wakauza, leo mtu apita nje ya nyumba aliyozaliwa babake na hawezi hata kupiga hodi. Halafu maji. Sisi hapa twanunua madumu ya mkokoteni, mifereji yakohoa tu, na hoteli itataka kila chumba na bafu lake. Na msikiti je? Huo mgahawa wa darini watauza nini usiku, sharubati ya ukwaju?

Mgeni wa Tudor: Mimi naishi Tudor na riziki yangu ni utalii kwa hivyo naomba nisikizwe. Wageni wanashuka melini wanaona Fort Jesus, wanapiga picha, wananunua kikoi kimoja, wanarudi. Hawalali Mji wa Kale kwa sababu pa kulala ni pachache. Na tuseme ukweli, waliouharibu huo mji ni wenyewe. Nyumba za mawe zimebomolewa zikapandishwa flati, milango ya kuchonga mmewauzia madalali ikaenda zake, leo akija mtu wa kutengeneza ndio mnakumbuka turathi.

Bint Kibokoni: Ati MILANGO MMEUZA? Nani kauza? Mlango wa kwa nyanya yangu uko pale pale na njumu zake za shaba, kila Ijumaa twaupaka mafuta. Wewe umepanga Tudor watuambia sisi tumeuza! Mtu akiwa na mgonjwa ndani na hana pesa ya hospitali, dalali yuwaja na noti mkononi, huyo dalali mbona humtaji?

Mgeni wa Tudor: Sijasema wewe dada, nimesema wenyeji kwa jumla. Usichukulie kibinafsi.

Bint Kibokoni: Wenyeji kwa jumla ni nani kama si mimi?

Mzee wa Baraza: Wanangu tulizaneni. Hiyo milango ina sheria, nadhani ni ile ya makumbusho ya 2006, mlango wa kuchonga wa zamani ni kitu kilicholindwa, hauuzwi hivi hivi wala hausafirishwi bila kibali. Na mji wote huu uko chini ya UNESCO, kwa hivyo hata hiyo hoteli lazima UNESCO wakubali.

Nahodha: Shikamoo mzee. Kwa heshima, hapo kwa UNESCO sivyo. Iliyoandikwa kwenye orodha yao ya urithi wa dunia ni Ngome, yaani Fort Jesus, peke yake, 2011. Lamu iliingia 2001 na Mji Mkongwe wa Unguja 2000. Mji wetu ulitangazwa eneo la hifadhi hapa hapa Kenya, 1990, na ofisi ya uhifadhi iko chini ya Makumbusho. Hao ndio wa kuulizwa. Kwa milango umesema kweli, na sheria yataja mwaka: iliyochongwa kabla ya 1946.

Mgeni wa Tudor: Basi kama sheria iko, iliondokaje?

Nahodha: Ndugu, sheria yakaa ofisini, mlango wakaa kwenye fremu usiku na hakuna askari. Lakini mwapigania mlango mkaiwacha nyumba. Hizi nyumba haziozi kwa kuwa watu hawazipendi. Yetu ni ya urithi, warithi wengine wako Maskati, wengine Jeddah, wengine London, wengine wamekufa na watoto wao hawajui hata ni mtaa gani. Kubadilisha boriti moja wataka watu wote wakubaliane nani atoe pesa. Huyu asema tuuze, yule asema tuikodishe, mwingine hajibu simu. Mvua ya mwezi wa tano ikija yaingia darini, boriti zaoza, dari yashuka. Ndiyo sababu mimi siwezi kumpinga mtu wa hoteli kabisa kabisa, LAKINI akodi, asinunue. Mkataba wa miaka inayojulikana, ukiisha nyumba yarudi kwa wenyewe ikiwa imesimama.

Bint Kibokoni: Na katika miaka hiyo wewe wakaa wapi?

Nahodha: Hapo nilipo sasa, Kisauni. Dari ilishaanguka.

Mtu wa Chokaa: Mimi ni fundi, kuta hizi nimezishika kwa mikono. Awe hoteli awe mwenyeji, swali langu ni moja: atatengeneza na nini? Ukuta wa matumbawe wavuta unyevu kutoka chini na kwenye hewa ya bahari, kisha wautoa taratibu kupitia chokaa. Ukiupaka saruji umeufunga. Maji na chumvi vyabaki ndani, plasta yavimba, yabanduka vipande na hutoka na jiwe lenyewe. Nimebandua plasta ya saruji nikakuta jiwe lasagika kwa kidole. Na vyumba vile ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ya mkoko ndio mwisho wake hapo. Mwekezaji ataka sebule kubwa, avunja ukuta wa kati, ule ule uliobeba dari. Halafu aweka bafu ghorofani juu ya sakafu ya chokaa, bomba likivuja hakuna ajuaye mpaka boriti zimekuwa unga. Andikeni hayo kwenye mkataba kabla ya kugombana kuhusu pombe.

Bint Kibokoni: Pombe si jambo dogo, fundi. Wewe waondoka jioni, sisi twalala hapa.

Mvita Asilia: Hilo nalo laandikwa kwenye mkataba. Kuna hoteli za Lamu na Unguja haziuzi pombe na wageni waja.

Mgeni wa Tudor: Nyinyi mnataka mwekezaji alete pesa, asinunue, asivunje ukuta, asiweke bafu, asiuze bia. Atabaki na nini?

Mtu wa Chokaa: Sijasema asiweke bafu. Nimesema aweke chini, au ajue alipolitia. Soma.

Mzee wa Baraza: Atabaki na nyumba iliyojengwa na watu waliojua bahari. Hilo ndilo mgeni alilopandia ndege kulifuata, kama ataka sebule kubwa na bia Nyali zimejaa.

Bint Kibokoni: Ahsante mzee wangu. Na wewe wa Tudor bado hujanijibu la dalali.

Mgeni wa Tudor: Dalali nimemtaja kwa post yangu ya kwanza, rudi juu usome. Nilichosema ni kuwa dalali hawezi kununua bila muuzaji.

Bint Kibokoni: Na muuzaji hauzi akiwa ameshiba. Nahodha hapo amekueleza hali ya warithi, hukusema neno, warudi kwa mlango tu.

Nahodha: Nimeulizwa pembeni nitoe mfano wa mkataba wa kukodi. Sinao. Kuna mtu humu familia yake imekodisha nyumba ya mawe ikatengenezwa, hapa au Lamu? Aseme miaka mingapi, na aliyelipia boriti ni nani.