Mrejesho: ule ukungu mweupe kwenye bodi ya kigari

Wakuu, niliuliza kwa nini rangi nyeusi ya kopo niliyopuliza kwenye modeli yangu ya Land Cruiser, skeli 1:24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi), inakauka na ukungu mweupe. Aliyesema ni unyevu wa hewa kapatia. Thina ikikauka haraka huipoza rangi, na maji ya hewani yanatua juu yake. Dar msimu wa mvua, utakoma. Nikasubiri siku kavu, kopo nikaliweka kwenye maji ya vuguvugu (ya moto hapana, litalipuka), nikapuliza koti (tabaka za rangi) nyepesi nyepesi. Ukungu umekwisha, boneti inang'aa hadi naona taa ya dari. Mlango wa nyuma una mchirizi, huo nitausugua na msasa wa maji namba 2000. Mdau uliyeshauri niivue rangi kwa mafuta ya breki, samahani, plastiki yangu naionea huruma.