Ratatouille ya kwenye katuni: jiko la mkaa litaweza?

Wakuu, habari za jioni. Mwanangu kanikalia kooni, anataka kile chakula cha kwenye Ratatouille (2007), mboga zilizolaliana kwa duara. Oveni sina, na zukini (ile mboga ndefu ya kijani kama tango) sokoni sijaiona. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kile si ratatouille ya kila siku ya Wafaransa, ile ya vipande vikubwa. Ni confit byaldi. Chanzo chake ni mpishi Michel Guérard, na Thomas Keller wa Marekani akaitengeneza upya kwa ajili ya filamu. Chini kuna rojo la hoho, kitunguu, saumu na nyanya. Hilo usiliruke hata kidogo, utamu wote umo humo! Bilinganya chagua zile ndefu nyembamba zilingane na nyanya, ukate vipande vyembamba kama sarafu.

JIBU: Mkaa unaweza. Weka mchache chini, mwingine juu ya mfuniko, kama unapika keki. Moto uwe wa pole maana kwenye oveni huwa nyuzi 135 hivi, saa mbili. Funika mboga kwa foili, uifunue mwishoni maji yakauke.

MULIZAJI: Na zukini?

JIBU: Mumunye mchanga, mama. Na maganda yake usiyamenye.