Upepo wa kilomita 25 juu unahusianaje na mahindi yangu?

Mama Isyonje:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Msimu uliopita nilipanda ekari mbili za mahindi mara tu mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha, maana utabiri ulisema wastani hadi juu ya wastani. Zikafuata siku 19 bila tone. Nikapanda upya, mbegu nikanunua mara mbili. Sasa mwanangu aliye chuoni ananiambia kuna upepo juu kuliko ndege unaogeukageuka na kugusa mvua. El Nino naijua tangu 1997. Huu je? Mbona redioni hawautaji?

Mwalimu wa Fizikia, Uyole:
Pole sana mama. Mwanao hajakosea. Mawingu yetu makubwa ya radi hukomea kama kilomita 16. Juu ya hapo, usawa wa ikweta, upo upepo unaotoka mashariki, kisha ukageuka kutoka magharibi. Mzunguko mzima ni kama miezi 28. Kisa chake nakipenda mno: volkano ya Krakatoa, huko Indonesia, ilipolipuka 1883, vumbi lake lilipeperushwa kuelekea magharibi. Mwaka 1908 mwanasayansi Arthur Berson akarusha maputo Ziwa Victoria, akakuta upepo wa juu unakwenda mashariki! Ilichukua hadi miaka ya 1960 kuelewa kwamba huwa unageuka.

Kuhusu mvua: kuna kundi kubwa la mawingu ya mvua linalotoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki, likirudi kila baada ya siku 30 hadi 60. Desemba hadi Februari, upepo ule ukitoka mashariki, kundi hilo hupata nguvu zaidi na hutabirika mapema zaidi. Ila msimu wetu hutawaliwa zaidi na joto la bahari, kama hiyo El Nino, ndiyo maana redioni unalisikia hilo.

Mama Isyonje:
Kwa hiyo utabiri ulikosea?

Mwalimu wa Fizikia, Uyole:
Si lazima. Ule ni wa jumla ya Novemba hadi Aprili, tena kwa uwezekano. Siku 19 kavu zinaweza kukaa ndani ya msimu wenye mvua nyingi kabisa. Siku ya kupanda itafute kwenye utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mzee wa Makambako:
Na uchimbe, binti yangu. Mimi sipandi mpaka udongo uwe na unyevu kina cha kiganja kizima. Mvua ya kwanza hulowesha vumbi tu.

Mama Isyonje:
Ndaga fijo mwalimu, asante mzee. Mwaka huu jembe litatangulia, mbegu ibaki ndani kwanza.